Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, piga na hesabu hii

Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam huuliza maswali manne: shilingi ngapi kwa mwezi, miezi mingapi kwa mkupuo, umeme ni wa kujitegemea au wa kuchangia, na choo kiko ndani au nje. Dalali ana majibu yake tayari hata kabla hajaulizwa. Baada ya hapo ni kuhangaikia fedha, kuita kirikuu, kupakia vitanda na kuhama.

Yapo maswali mengine ambayo dalali haulizwi. Majibu yake huja baadaye, kwenye benchi la zahanati, kwenye kituo cha daladala alfajiri, au kwenye kadi ya kliniki pale mstari wa uzito wa mtoto unapolala badala ya kupanda. Dirisha linatazama wapi? Watoto watalala wapi, na wataamka saa ngapi ili wawahi shule? Maji yatahifadhiwa kwenye nini? Masika ikianza, uani kunakuwaje?

Wazazi wengi huyaona haya kuwa ni maswali ya wenye uwezo. Mwenye kipato kidogo, wanasema, hachagui dirisha. Kuna ukweli hapo. Lakini hata kati ya vyumba viwili vya bei moja, kwenye mtaa mmoja, mara nyingi kimoja kitamla mzazi fedha nyingi kuliko kingine, na fedha hizo hazitaonekana popote kwenye mkataba.

Mwezi wa kodi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2012 ilikuwa imehesabu 4,364,541. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilishafutwa mwaka 2005, na tangu wakati huo bei ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Kwenye mji ambao chumba kikitoka mtu asubuhi jioni kina mtu mwingine, kila mmoja anajua nani ana sauti kubwa zaidi kwenye makubaliano hayo.

Chukua mfano wa baba, mama na watoto watatu wanaotafuta chumba na sebule cha Sh120,000 kwa mwezi. Ikitajwa kwa mwezi, inabebeka. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani Sh720,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Hapo ni Sh840,000 kabla ya kirikuu, kabla ya kubadilisha kitasa, kabla ya kununua pazia. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, ambacho Julai 2025 kilipandishwa kutoka Sh370,000, ni Sh500,000. Mtumishi huyo angetoa mshahara wa mwezi mzima na zaidi ya nusu ya mwingine bila kula wala kupanda gari. Mama ntilie au dereva wa bodaboda hana hata mshahara wa kuupigia hesabu hiyo. Riziki yake inakuja kwa siku na kuondoka kwa siku.

Wataalamu wa makazi wana kipimo chao, kwamba gharama ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato. Kwa mwenye Sh500,000 hiyo ni Sh150,000, kwa hiyo nyumba ya mfano wetu inapita bila shida. Ila kipimo hicho kinadhani kodi inalipwa kila mwezi. Kwa utaratibu wa Dar es Salaam familia inakuwa na miezi mitano inayopumua na mmoja unaokaba, na ni huo mmoja ambao wahudumu wa afya hukutana nao bila kuambiwa jina lake.

Kwenye mwezi wa kodi kinachoguswa kwanza ni chakula, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoweza kupunguzwa bila kumuomba mtu ruhusa. Watoto hawalali njaa. Sahani inajaa ugali au wali na mchuzi, wanashiba, wanalala. Kilichoondoka ni yai, samaki, tunda, karanga kwenye uji, nusu lita ya maziwa. Kwa mtoto wa darasa la tano hilo si janga kwa wiki tatu. Kwa mtoto wa miezi kumi ni suala jingine, maana tumbo lake ni dogo na mwili wake unajengwa kila siku; kijiko cha uji mtupu kinachukua nafasi ya kijiko chenye kitu cha kumjenga. Hawezi kungoja kodi iishe.

Baada ya chakula yanafuata matibabu. Homa inapewa dawa ya maumivu ya dukani badala ya kipimo cha malaria. Kliniki inaahirishwa hadi mwezi ujao, kwa sababu chanjo ni bure lakini nauli ya kuifuata si bure. Kisha, kwa wengine, mkopo. Mikopo ya kausha damu haikupata jina hilo kwa utani: marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, na yanatoka kwenye fedha ileile ya kula. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mzazi aliyekopa huko ili alipe kodi ya Januari bado anaila njaa ya Januari hiyo mwezi wa Machi.

Njia inayowasaidia wengi ni ya zamani na haina ujanja wowote. Sh720,000 kwa siku 180 ni Sh4,000 kwa siku. Mwenye kipato cha kila siku akiitoa hiyo kila jioni kabla ya matumizi mengine, iwe kwenye kibubu, kwenye laini ya simu isiyotumika kwa jambo jingine, au kwenye kijumbe kilichopangwa zamu yake iangukie mwezi wa kodi, mwezi huo unakuja kama miezi mingine. Si rahisi, na kuna siku haitapatikana. Ila upungufu wa siku mbili tatu unazibika. Upungufu wa laki saba hauzibiki.

Na kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijaribu: kuzungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Dalali atasema mzee hataki kusikia chini ya miezi sita. Mpangaji aliyekaa mwaka mmoja, hajagombana na mtu, hajachelewesha kodi, ana la kusema mbele ya mzee huyo. Kumbadilisha mpangaji nako kuna gharama, na mama mwenye nyumba anayeishi uani anajua thamani ya jirani asiye na makelele. Kuomba kulipa miezi mitatu mitatu hakumshushii mtu heshima.

Bei ya umbali

Vyumba vya bei nafuu viko mbali. Huo ndio mchezo wa mji huu: kadiri mtu anavyosogea kuelekea Chanika, Mbande au Kibamba ndivyo kodi inavyoshuka, na chumba kinakuwa kikubwa, na uwanja wa watoto kucheza unapatikana. Mambo hayo yana faida yake. Kosa ni kulinganisha kodi kwa kodi bila nauli.

Hesabu ya kukadiria ni hii. Nyumba ya mbali ni Sh60,000, na kwenda kazini ni magari mawili, tuseme Sh1,400 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Kwa siku 26 za kazi, mtu mmoja anatumia Sh72,800. Nyumba ya karibu ni Sh120,000, gari ni moja, Sh600 kwenda na Sh600 kurudi, jumla Sh31,200 kwa mwezi. Kama baba na mama wote wanafanya kazi mjini, nyumba ya mbali inawagharimu Sh205,600 kwa mwezi, ya karibu Sh182,400. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Kama anayekwenda mjini ni mmoja tu, mambo yanageuka: ya mbali ni Sh132,800, ya karibu Sh151,200. Kila familia ina namba zake, na zinafaa ziandikwe kwenye karatasi kabla dalali hajapokea chochote.

Lakini nauli ni nusu tu ya bei ya umbali. Nusu nyingine inalipwa na mtoto kwa usingizi.

Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka sita hadi 12 alale saa tisa hadi 12 kwa usiku mmoja. Mtoto anayesoma mjini na kulala pembezoni anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili apate gari. Ili atimize hata zile saa tisa, angetakiwa awe amelala saa moja na nusu jioni. Saa hiyo mama yake bado yuko kituoni anagombania gari. Chakula kinaiva saa mbili na nusu, kazi za shule zinafanywa saa tatu, taa na televisheni vinazimwa saa nne. Amelala saa sita na nusu. Kila siku ya shule anapungukiwa saa mbili na nusu. Kwa siku tano, saa 12 na nusu. Ni kama usiku mmoja mzima kila wiki ambao haupo.

Mtoto mwenye usingizi pungufu si lazima asinzie darasani. Wengine hufanya kinyume chake: wanakuwa wakorofi, hawatulii, wanalia kwa jambo dogo, wanasahau walichofundishwa jana. Mwalimu anasema mtoto ni mtundu, mzazi anachukua fimbo, na hakuna aliyehesabu saa. Kabla ya kumpeleka mtoto huyo kwenye tuisheni ya jioni (ambayo itamchelewesha kulala zaidi), mzazi angeangalia kama ipo shule ya karibu na nyumbani inayoweza kumchukua. Shule yenye jina iliyoko magari mawili kutoka nyumbani haina faida kubwa kwa mtoto anayefika amechoka. Wapo wazazi watakaokataa hili, na wana sababu zao, lakini wajipe angalau muhula mmoja wa kumtazama mtoto anapolala mapema.

Chumba kimoja, pumzi tano

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi linaihesabu nyumba kuwa imebanana pale chumba kimoja kinapolaliwa na watu zaidi ya watatu. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya Manzese, Tandale, Mbagala na Vingunguti imebanana, na haitabanduka kwa ushauri wa gazeti. Kinachowezekana ni kupunguza madhara ya kubanana, na hapo dirisha ndilo la kwanza.

Kifua kikuu kinasambaa kwa hewa. Mgonjwa anakohoa, vimelea vinabaki vikielea kwenye chumba kisichopitisha upepo, na wanaolala humo wanavivuta usiku kucha. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi kuugua wakishaambukizwa. Ndiyo maana chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango unaopitisha upepo, kina thamani kuliko chenye vigae vipya na dirisha lililoziba kwenye ukuta wa jirani. Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa zikisogeleana hadi mkono unagusa ukuta wa pili. Dirisha lipo kwenye hesabu, upepo haupo. Njia ya kulijua hilo ni kwenda kuona chumba mchana, kufunga mlango, na kukaa ndani dakika kumi. Dalali atashangaa. Aachwe ashangae.

Kwa aliyekwisha kuhamia, madirisha yafunguliwe mchana hata kama vumbi linaingia, na magodoro yatolewe juani mara kwa mara. Mtu yeyote wa nyumba hiyo, au wa chumba cha jirani anayeshinda na watoto, akikohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupima. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya umma, kwa hiyo hata mwezi wa kodi hauwi sababu.

Moshi ni jambo la pili, na linaua haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Wakati lengo hilo linasubiriwa, kwenye nyumba za vyumba sita vyenye korido katikati majiko ya mkaa yamepangwa koridoni, kila mlango na lake, na moshi unaingia vyumbani ambako watoto wanafanya kazi za shule.

Hatari kubwa iko kwenye usiku wa mvua. Mvua inanyesha, uani hakupikiki, jiko linaingizwa ndani. Chakula kinaiva, makaa bado ni mekundu, na mtu anaona ni vyema kuyaacha yapashe chumba joto au yaivishe maharage ya kesho. Mlango unafungwa kwa ajili ya usalama. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinaanza kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Kwenye hili hakuna nusu hatua: jiko lenye makaa halilali ndani. Likishaivisha litoke, hata kama mvua inanyesha na mkaa utaharibika. Akionekana mtu ameumwa kichwa na kulegea kwenye chumba chenye jiko, atolewe nje kwanza, maswali yafuate.

Moshi pia huwaongezea watoto wadogo hatari ya nimonia, na hii mzazi anaweza kuitambua mwenyewe kwa saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Mwenye miezi miwili hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au mwenye mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, asisubiri hata asubuhi.

Kuna jambo la tatu kuhusu chumba kimoja ambalo kurasa za familia hulipita kwa haraka kwa sababu linaona haya. Wazazi wanahitaji faragha, na mtoto akifika umri wa kuelewa, pazia halitoshi. Suluhisho la kawaida mitaani ni kumhamishia mtoto kwa jirani, au kumlaza na mjomba, binamu au mgeni aliyekuja mjini kutafuta kazi. Wengi hulala salama. Lakini watoto wanaodhulumiwa kingono aghalabu hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu, na kitanda cha kuchangia usiku ni nafasi ambayo mtu wa namna hiyo huitafuta. Mgeni akija, mgeni ndiye atandikiwe pembeni. Mtoto abaki anapolala siku zote, na watoto wenzake. Mtoto anayekataa ghafla kulala mahali alipozoea asikemewe kabla hajaulizwa, kwa upole na akiwa peke yake. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na kwenye vituo vya polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Watoto wanaolala sebuleni wana shida nyingine ndogo ambayo haisemwi: chandarua. Godoro linatandikwa usiku baada ya viti kusogezwa na kukunjwa asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kupigilia mahali pa kukitundika. Chandarua kipo, kimekunjwa kabatini. Misumari miwili na kamba vinamaliza tatizo hilo kwa jioni moja.

Maji ya masika na maji ya pipa

Chumba cha bondeni huonekana kizuri Agosti. Kodi yake iko chini, kiko karibu na mji, na dalali hana sababu ya kutaja Aprili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wengi kwenye bonde la Msimbazi, na baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande. Miaka iliyofuata bonde liliendelea kujaa maji na vyumba viliendelea kupata wapangaji. Wa kuulizwa hapo ni mwenye duka la jirani, wala si dalali: maji yalifika wapi mwaka jana? Ukuta nao husema. Rangi iliyobanduka kwa mstari ulionyooka, usawa wa goti, haikubanduka kwa uzee.

Maji hayo hayaji peke yake. Kuna wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, na kinachopita mlangoni kinakuwa na kila kitu. Kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo hufuata. Mtoto mmoja kulazwa siku tano, na mzazi mmoja kukosa kazi siku tano, kunameza nafuu ya kodi ya miezi kadhaa.

Hata pasipo mafuriko, maji ya kuhifadhi yana mambo yake. Mahali ambako bomba hutoka kwa mgawo, kila mlango una pipa na ndoo. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga kwenye maji masafi ya namna hiyo, na huuma mchana, wakati chandarua hakina kazi. Mifuniko inayobana inasaidia, pamoja na kusugua kuta za pipa kwa brashi kila wiki, kwa sababu mayai yake hung'ang'ania pembeni hata maji yakimwagwa.

Mita ya kuchangia

Kuhusu LUKU, kwa ufupi. Mteja mdogo wa umeme asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hununua uniti moja kwa chini ya nusu ya bei ya kawaida. Familia moja yenye taa, feni na televisheni inaweza kukaa humo. Mita moja ya vyumba sita haiwezi, kwa hiyo kila mpangaji wa nyumba hiyo ananunua umeme kwa bei ya juu hata kama yeye mwenyewe ana taa mbili tu, na bado kuna ugomvi wa nani ana friji. Chumba chenye mita yake kikizidi kodi kwa shilingi elfu chache huenda kikarudisha tofauti hiyo.

Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ilipandishwa hadi Sh1,500 kwa mwezi Julai 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme anaitanguliza tu, na ana haki ya kumwambia mwenye nyumba wapunguziane kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni Sh18,000, ambazo ni trei kadhaa za mayai.

Wa ghorofani nao

Wenye kipato cha kati waliokwenda kwenye apatimenti za Sinza, Mikocheni au Mbezi wamekwepa moshi na choo cha kuchangia. Mara nyingine wamenunua shida nyingine: mtoto anayeshinda ghorofa ya tatu na dada wa kazi na katuni, kwa sababu chini ni maegesho ya magari na hakuna pa kukimbia. Mtoto wa miaka mitano na kuendelea anashauriwa kucheza kwa nguvu angalau saa moja kila siku, na korido ya vigae haitoshi. Kabla ya kulipa, mzazi apime nafasi kati ya vyuma vya baraza: kama kichwa cha mtoto kinapita, mwili unaweza kupita. Ni afadhali kumwambia mwenye nyumba aongeze vyuma kabla ya fedha kutoka, maana baada ya hapo simu yake huwa haipatikani.

Hilo la simu linahusu wapangaji wote. Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni ndugu wa rafiki, na utaje kodi, muda, nani anatengeneza choo kikiziba, na notisi ni ya muda gani. Mgogoro ukishindikana kusuluhishwa mtaani unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kinachosomwa ni karatasi. Fedha ipite benki au kwenye simu ili ibaki kumbukumbu. Kama ni lazima iwe taslimu, isainiwe siku hiyohiyo, ipigwe picha, na picha itumwe kwenye simu ya mwenza pia, kwa sababu simu ya mji huu inaweza kuibiwa ukishuka tu kwenye gari.